Doa Usilipigie Pasi

Majirani zangu, asubuhi ya siku ninayotaka kuwasimulia ilianza kwa utulivu kabisa, na nawaonya mapema kwamba asubuhi za namna hiyo si za kuaminiwa. Uani kwa Mama Pamba kamba zote zilikuwa zimejaa mashuka. Jua lilikuwa la kutosha, upepo wa kiasi, na maji ya bomba, ambayo tangu juzi yalikuwa yakidondoka kama yanaonewa, leo yalijaza ndoo moja baada ya nyingine bila kubembelezwa.

Mama Pamba alikuwa dobi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu shuka likipita mikononi mwake hurudi jeupe kama pamba, na kama ungetaka kugombana naye, ungemwambia tu kwamba umeona kidoa kwenye foronya. Asubuhi hiyo alikuwa akiimba. Saa kumi jioni kikundi cha sala cha mtaa kingekusanyika nyumbani kwake, na sebule ilikuwa tayari: makochi yamevishwa vitambaa vyeupe, sakafu inang'aa, mapazia yamepigwa pasi mpaka yanatia adabu. Mlango wa sebule hiyo ulifungwa kwa ufunguo, na ufunguo aliuning'iniza shingoni kwa uzi. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia mpaka wageni wafike. Wenye nyumba waliishi nyuma, jikoni na katika vyumba viwili vilivyobanana, kama wapangaji wa wageni ambao hawajafika.

Basi akiwa katikati ya wimbo, sauti ikaita kutoka chumba cha nyuma.

"Wewe msichana! Nguo zangu ziko wapi? Mmeniibia nguo zangu!"

Wimbo ukakatika. Mama Pamba aliangalia kwanza ukuta wa jirani kuona kama kuna kichwa cha mtu, ndipo akakimbilia ndani akifuta povu mikononi.

Sauti hiyo ilikuwa ya Bibi, mama mkwe wake. Na shida yenyewe ndiyo hii: mtaa mzima ulijua kwamba Bibi amesafiri.

Nianze nyuma kidogo, msije mkamhukumu mtu kabla ya kumjua. Mama Pamba alipoolewa katika nyumba ile hakujua kutenganisha nguo za rangi na nyeupe. Soksi nyekundu ya mumewe aliipitisha pamoja na mashuka ya watu, yakatoka waridi, na Bibi, badala ya kupiga kelele, alicheka mpaka akakaa chini. Bibi ndiye aliyekuwa dobi wa mtaa wakati huo. Alimshika mkwewe mkono akamfundisha kazi: jinsi ya kuloweka, jinsi ya kusuuza mara mbili, jinsi ya kukamua shuka kwa kulizungusha kwenye mkono wa kushoto ili lisichanike uzi. Kuanika alimfundisha kama anafundisha sala. Pembe ya nguo hii ilale juu ya pembe ya nguo inayofuata, kibanio kimoja kishike zote mbili. Blauzi zigeuzwe ndani nje, ziningʼinie kwa upindo, jua lisipaushe rangi. Ndogo zikae mwanzo wa kamba, kubwa mwisho. Hakuna mwingine aliyeanika hivyo pande zile, na watu walipita kuangalia tu.

Na alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia kila pasi ilipopata moto. "Doa usilipigie pasi, mwanangu. Nguo itaonekana imenyooka, lakini moto umelipa doa hati ya nyumba. Halihami tena."

Kisha uzee ukaja na ugonjwa wake wa kusahau. Ulianza kwa mzaha. Sabuni ya unga ilikutwa kwenye kopo la sukari, na chai ya siku ile bado inazungumzwa katika familia. Baadaye Bibi akaanza kuanua nguo zilizokauka na kuzifua upya. Siku moja alimwaga buluu nzima ya kung'arishia nguo kwenye mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa mteja mkubwa. Akasahau njia ya chooni. Akasahau jina la mkwewe, akawa anamwita "wewe msichana". Usiku alifungua masanduku na mchana akalala, na nyumba iliyokuwa ikinukia sabuni ikaanza kunukia mambo mengine ambayo sina haja ya kuyataja, kila aliyeuguza mzee anayajua.

Mtu asije akasema Mama Pamba alikuwa mkatili. Alimlisha Bibi kwa kijiko, alimwogesha, alimbadilisha nguo hata mara nne kwa siku, naye mgongo unamuuma. Lakini alikuwa na aibu. Yeye, Mama Pamba, nyumba yake inuke! Basi jirani wa kwanza alipouliza, "Bibi haonekani siku hizi, vipi?" jibu likamtoka lenyewe.

"Amesafiri. Yuko kwa mwanawe mwingine, anapumzika."

Uongo, ndugu zangu, ni kama mtoto mchanga, ukishauzaa lazima uulee. Ili Bibi abaki safarini ilibidi wageni wasiingie. Ilibidi redio ipigwe juu kila Bibi alipopandisha sauti. Ilibidi binti wa pekee wa Mama Pamba, ambaye Bibi mwenyewe alimpa jina la Kasuku kwa kuwa hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, afundishwe kunyamaza. Mtoto alikonda. Kumwekea Kasuku siri kifuani ni kumwekea mtu kaa la moto mfukoni.

Mumewe, dereva wa lori ambaye kazi ilimpeleka mbali kwa majuma, alijaribu.

"Mama Kasuku, tuwaambie watu. Mwenyekiti wa kikundi chenu alikuwa nesi maisha yake yote. Atatusaidia."

"Waje waone nini? Waone hivi tulivyo?"

"Tulivyo ndivyo tulivyo."

"Wewe unaondoka na lori lako. Mimi ndiye ninayebaki na macho ya watu."

Mume akanyamaza, na alipaswa asinyamaze, kwa sababu mama ni wake. Hilo naye alikuja kulikubali mwenyewe.

Hata na Mungu mambo yakabadilika. Zamani Mama Pamba aliomba akifua, akianika, akipuliza makaa ya pasi. Sasa kila akitaka kufumba macho aliona beseni lenye nguo chafu, aliona godoro likianikwa kwa siri nyuma ya choo, akaona haya kumkaribisha Mungu mahali kama pale. "Bwana," alikuwa akisema, "subiri kidogo. Nitakuita nyumba ikikaa sawa." Siku zikapita, nyumba haikukaa sawa, naye hakumwita.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Nyumba ya tatu kutoka kwake alikuwa amehamia mama mmoja kijana, mgeni mtaani, mwenye pacha wachanga, na mumewe yuko kazini mbali. Watu wakamwita Mama Pacha. Siku moja alikuja kugonga, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, furushi la nepi kichwani.

"Dada, nisaidie hata za leo tu. Mikono imechanika kwa sabuni, na hawa hawanipi hata nafasi ya kukaa."

Mama Pamba alifungua mlango kiasi cha kutoa pua. Ndani Bibi alikuwa ameanza kuita.

"Nina kazi nyingi, mdogo wangu. Labda siku nyingine."

Mlango ukafungwa, redio ikapandishwa. Jioni yake alimwambia Kasuku kwamba nyumba ya yule mama ni jaa tupu, na nguo zake zimetupwa juu ya ua kama zimeruka zenyewe. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, nao hawakumjua hata Mama Pamba.

Sasa turudi kwenye siku yetu. Kikundi cha sala kilizunguka nyumba kwa nyumba, na zamu ya Mama Pamba alishaikwepa mpaka visingizio vikaisha. Akajipanga. Mchana Bibi alishwe, afungiwe chumbani kwa komeo la nje. Huwa analala mpaka jua lizame. Kasuku akae mlangoni. Saa kumi watu waje, wasali, wanywe chai, waende zao. Mbona rahisi!

Kweli Bibi alilishwa. Kasuku alitoka na sahani, na wakati huohuo mama yake akaita kutoka barazani, "Viti havitoshi! Kimbia ukaazime kwa jirani, haraka!" Kasuku akakimbia. Sahani aliikumbuka. Komeo alilisahau. Aliporudi na viti aliona mlango umerudishwa, kimya ndani, akajua Bibi amelala.

Saa kumi wageni wakafika. Ufunguo ukatolewa shingoni, sebule ikafunguliwa, na watu wakashangaa kama ilivyotakiwa washangae. Mwenye duka la kona aliogopa kukaa, akapangusa suruali yake kwanza. Mwenyekiti, yule nesi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru hata akisalimia, alikaa akasema, "Mama Pamba, nyumba imetulia. Hapa mtu anasali akasikika."

Mama Pamba akatabasamu. Ilikuwa sifa aliyoingoja muda mrefu. Wimbo ulipoanza alikwenda nyuma kuchukua birika, na njiani akachungulia chumbani kwa Bibi, kwa mazoea tu.

Kitanda kitupu. Blanketi chini. Geti dogo la uani liko wazi.

Ungefanya nini, wewe unayesikiliza? Ungepiga kelele, najua. Hata mimi. Mama Pamba alimshika Kasuku bega, akamnong'oneza, "Nenda kamtafute, usimwambie mtu," kisha akachukua birika, akarudi sebuleni, akakaa. Nalisema hili kwa uchungu: alikaa. Mzee wa watu yuko nje peke yake, asiyejua jina lake wala njia, barabara kuu ya malori haiko mbali, na bwawa la kiwanda halina ua. Mkwewe amekaa kwenye kochi jeupe, miguu imeunganishwa, anaitikia wimbo. Ndivyo aibu inavyomfanya mtu. Haimwondolei upendo. Inamfunga mikono tu huku upendo unalia.

Wimbo ukaisha. Mwenyekiti akafumba macho akaanza kuomba. Aliombea wagonjwa, wasio na kazi, Mama Pacha na watoto wake. Kisha akasema:

"Na yule mama yetu, mama mkwe wa mwenye nyumba hii, aliye safarini. Baba, mlinde kila hatua. Mpe mtu mwema njiani. Asiwe peke yake."

"Amina," watu wakaitikia.

"Hajasafiri," akasema Mama Pamba.

Watu wakafumbua macho. Alikuwa amesimama, birika mkononi limeinama, chai inamwagika juu ya kitambaa cheupe wala haoni.

"Mama hajasafiri. Anaumwa. Anasahau kila kitu, tangu mwaka jana. Niliwadanganya. Alikuwa chumba cha nyuma, nimemfungia, na sasa hayupo. Amepotea. Mama yangu amepotea."

Mwenye duka la kona akajipiga paja. "Ee Mungu wangu! Mimi nimemwona mchana! Alipita dukani miguu mitupu, akanisalimia, nikamwambia karibu tena mtaani, pole na safari. Ningejua anaumwa si ningemshika mkono? Mlisema amesafiri, mwenzangu, nikajua karudi mzima, nikangoja sala iishe nimsalimie!"

Maneno hayo yalimwingia Mama Pamba kuliko tusi. Mtaa mzima ulikuwa na macho ya kumlinda Bibi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyafumba.

"Kulia baadaye," Mwenyekiti akaamuru, na ameshasimama. "Wanaume barabara kuu. Wewe wa duka, bwawani, na uulize kila mtu. Mimi na wengine sokoni. Mama Pamba, vichochoro unavijua wewe. Haya!"

Alikimbia bila viatu. Alichungulia kila geti, kila mfereji, nyuma ya kila kibanda. Kichochoro cha kwanza hakuna. Cha pili hakuna. Lori likapiga honi ndefu kule barabarani, akashika ukuta. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, akaomba, na hakufumba hata macho.

"Mungu wangu, nilikwambia usubiri. Usisubiri tena. Nyumba ni chafu na mimi ni mwongo. Njoo hivi hivi."

Akajifuta uso kwa gauni, akaendelea. Alipokata kona ya nyumba ya tatu kutoka kwake aliona kamba ya nguo, akapita, akasimama, akarudi nyuma.

Ilikuwa kamba ya Mama Pacha. Lakini leo hakuna kilichotupwa juu ya ua. Nepi zilikuwa zimepangana kutoka mwanzo wa kamba hadi mwisho, ndogo mbele, kubwa nyuma, pembe ya hii juu ya pembe ya ile, kibanio kimoja kimeshika zote mbili. Blauzi zimegeuzwa ndani nje. Zimening'inia kwa upindo.

Mama Pamba alizijua zile nguo kama mtu anavyojua mwandiko wa mzazi wake. Hakupiga hodi.

Uani kwa Mama Pacha kulikuwa kama nyumba za wenye watoto wachanga zinavyokuwa, na kuzidi. Sufuria juu ya kiti, uji umemwagika ukakauka, maganda, ndoo tatu za nepi zinazosubiri. Mama Pacha amekaa chini, mgongo ukutani, mdomo wazi, amelala usingizi mzito. Pacha mmoja amelala mapajani mwake, mwingine begani. Na katikati ya fujo yote hiyo, juu ya kigoda, mikono ndani ya beseni hadi kwenye viwiko, alikuwa Bibi. Gauni limelowa, miguu ina vumbi, uso umetulia. Alikuwa anaimba chinichini wimbo uleule ambao Mama Pamba aliuimba asubuhi, kwa maana ni yeye aliyemfundisha.

Mama Pamba alifungua mdomo alie kwa sauti. Bibi akainua kidole chenye povu.

"Ssh! Wamelala." Kisha akamwangalia juu hadi chini, bila kumtambua hata kidogo. "Umechelewa wewe msichana. Suuza."

Akapiga magoti kwenye matope akasuuza. Machozi yalidondoka ndani ya ndoo, akasuuza nayo. Alikuwa na shukrani nyingi, hata asijue aanze kumshukuru Mungu kwa lipi: kwa barabara ambayo Bibi hakuivuka, kwa bwawa ambalo hakuliona, au kwa geti hili bovu lisilo na komeo.

Mama Pacha akashtuka usingizini. "Jamani, nimelala? Dada, nisamehe! Na asante. Mungu akubariki sana."

"Asante ya nini?"

"Kwa kunitumia huyu mama! Mchana nilikuwa nimekaa hapahapa nalia, wote wawili wanalia, maji ya moto yamenimwagikia. Nikasema, Mungu, mimi sina hata maneno, njoo ujionee mwenyewe. Geti likasukumwa. Akaingia, hakuniuliza jina, akaangalia ndoo, akasema, 'Hizi zimelowekwa vibaya,' akakaa akaanza kufua. Nikajua ni Mama Pamba tu. Alininyima mlangoni siku ile, kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kunisaidia."

Kama kuna fimbo inayouma kuliko shukrani usiyostahili, mimi sijaiona. Mama Pamba aliinamisha kichwa akakamua nepi aliyokuwa nayo, kwa nguvu, akiizungusha kwenye mkono wa kushoto.

"Sikumtuma mimi, mdogo wangu," akasema. "Ni mama mkwe wangu. Anaumwa. Nilimficha. Mimi nilikufungia mlango, na yeye ndiye aliyekuja."

 Mama Pacha akamsogezea mtoto mmoja. Mama Pamba, mikono imelowa, akampokea.

Bibi alikuwa bado anaitazama ile nepi iliyokamuliwa. Akaichukua, akaigeuza, akaipima kwa vidole.

"Nani kakufundisha kukamua hivi?"

"Wewe, Mama."

Bibi akaikung'uta nepi.

"Basi nilifundisha vizuri," akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Kasuku alipowakuta hapo alipiga yowe la furaha lililowaamsha pacha wote wawili na kuuita mtaa mzima. Siri ilikuwa imemtoka mtoto, alisema habari nzima mara tatu bila kupumua. Watu wa kikundi cha sala wakaja mmoja mmoja, wengine wana matope, mwenye duka la kona anahema. Mwenyekiti alimkagua Bibi macho, miguu na mapigo ya moyo, akaridhika, ndipo akamgeukia Mama Pamba.

"Nimeuguza wodini mpaka nikastaafu, na wewe unanificha mgonjwa nyumba ya jirani! Nimekukosea nini?" Akamkumbatia kabla hajajibiwa. "Haya. Sala hatukuimaliza. Tuimalizie hapa."

"Hapa?" Mama Pacha akaangalia maganda na uji. "Mwenyekiti, hakuna hata pa kukaa."

"Tutasimama."

Wakaimalizia pale, kati ya ndoo na sufuria, watoto wanalia, Bibi anafua. Na Mwenyekiti aliposhukuru kwamba mama yao aliyekuwa safarini amelindwa kila hatua na kupewa mtu mwema njiani, hakuna aliyecheka. Ombi lile waliliomba bila kujua ukweli, na lilikuwa limeshajibiwa hata kabla hawajakaa kwenye makochi.

Mume aliporudi na lori lake alikuta mlango wa sebule uko wazi na ufunguo umetundikwa msumarini. Kitanda cha Bibi kilikuwa kimewekwa humo, kando ya dirisha la barabarani, ili aone watu na watu wamwone. Vitambaa vyeupe vya makochi vimekatwa nepi. Aliuliza kimetokea nini, na Kasuku akamweleza, mchana kutwa. Naye alikwenda nyumba kwa nyumba kuwashukuru majirani, na kwa kila nyumba akasema, "Mama ni wangu, nilipaswa kuwaambia mimi."

Sitawadanganya kwamba Bibi alipona. Hakupona. Kuna siku alimwaga buluu tena, na ile nyumba ya wageni ikapeleka mashuka yake kwa dobi mwingine. Kuna asubuhi zilizonuka. Lakini kila siku baada ya chai mtu mmoja alikuja kumshika mkono, leo huyu kesho yule, wakampeleka kwa Mama Pacha, akakaa kwenye kigoda akafua nepi mpaka achoke. Mama Pacha akapata usingizi. Mgongo wa Mama Pamba ukapumzika. Akaanza tena kuomba akifua, na sala yake haikuwa ndefu: "Karibu. Nyumba iko kama unavyoiona."

FUNDISHO

Ndugu zangu, wapo wengi kati yetu wanaoficha. Mmoja ana mzee anayesahau, mwingine mtoto asiyetembea, mwingine mume mlevi, mwingine moyo wake tu umechafuka. Tunasema wamesafiri, tunasema hatujambo, tunapandisha redio. Tunajiona tunailinda heshima ya nyumba. Kumbe tunalipigia doa pasi, na Bibi alishasema kinachofuata. Doa lioshwe likiwa bichi, mbele ya wenzako wenye maji. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kilikaribia.

Tena msimwambie Mungu asubiri mpaka mmalize kufagia. Nyumba hazikai sawa, mimi bado sijaiona iliyokaa sawa siku mbili mfululizo. Siku ile Mungu alikuwa na sebule safi iliyoandaliwa kwa ajili yake, yenye wimbo na chai. Naamini alikuwemo humo pia, maana ndimo ukweli ulimotoka. Lakini wakimuuliza Mama Pamba ni wapi alipomwona, haonyeshi sebuleni. Anaonyesha nyumba ya tatu, uani, penye ndoo za nepi.

Kwa hiyo ukitoka hapa, kagonge kwa jirani ambaye hujamwona siku nyingi. Akifungua mlango kiasi cha kutoa pua, usiondoke upesi. Mwambie umekuja kusuuza.